Ripoti za SIGAR kuhusu jeshi la Afghanistan, nawapa nyota 4 kati ya 5

Kama unapenda kujua hela za umma zinavyoliwa, hizi PDF za SIGAR ni bure na bando halitakuuma. SIGAR ni ofisi ya mkaguzi maalum iliyoundwa 2008 na Kongresi ya Marekani kufuatilia hela za kuijenga upya Afghanistan, na kila miezi mitatu ilikuwa inapeleka ripoti bungeni. Mi nilikomaa na zile za jeshi na polisi maana huko ndo mzigo ulikoenda, zaidi ya dola bilioni 80 za kuwafundisha, kuwapa silaha na mishahara ili Wamarekani waje kuondoka kwa amani.

Jamaa hawapaki rangi. Soma ile ya kombati ya 2017, utacheka mpaka ulie: waziri wa ulinzi wa Kabul aliperuzi mtandaoni, akaona madoa ya kijani ya msituni ya kampuni moja ya Canada, akayapenda, yakanunuliwa, wakati misitu ni kama asilimia 2 tu ya nchi na hakuna aliyepima kama yatamficha askari kule kwenye mawe na vumbi. Hasara ikakadiriwa kufika dola milioni 28. Halafu zile ndege za mizigo za G222, 20 kwa mradi wa dola milioni 549, 16 zikaishia skrepa kwa senti 6 za dola kwa pauni moja ya uzito (kama nusu kilo), jamani. Askari hewa nao wamo humo, wanakula mshahara kila mwezi na hawapo lindoni.

Nyota moja nimekata kwasababu kuanzia 2017 takwimu za idadi ya askari na vifo zilianza kufungwa, eti Kabul ndo iliomba, zikahamia kwenye kiambatisho cha siri ambacho mbunge anakiona wewe hukioni. Na kingereza chake kimejaa vifupisho hatari, kichwa kinauma.

Kinachonichoma ni hiki, mapema 2021 ripoti ilishasema wazi kwamba mafundi wa makampuni wakiondoka hakuna aina hata moja ya ndege za jeshi la anga itakayodumu vitani zaidi ya miezi michache. Aprili Biden akatangaza wanaondoka, mafundi nao wakasepa, 15 Agosti Kabul ikaanguka mikononi mwa Taliban. Yani onyo lilikuwa mezani kwa wabunge walewale waliokuwa wanapitisha hela za jeshi hilo mwaka hadi mwaka, mkaguzi afanye nini tena hapo?

Natamani tungepata kitu kama hiki cha Somalia. Wanajeshi wa Uganda, Burundi na Kenya wamekaa huko miaka na kila siku tunasikia jeshi la Somalia liko karibu kujisimamia lenyewe.

Kama huna muda ruka za robo mwaka, ni ndefu mno, shusha ya Februari 2023 inayoeleza jeshi lilivyosambaratika, halafu rudi kwenye ya kombati.