Nissan Z ya sasa: mwili mpya juu ya mifupa ya zamani

Nissan Z ya sasa, gari la spoti la viti viwili, haiwezi kupimwa kwa haki bila kurudishwa hadi mwaka 1969, kwa sababu wabunifu wake wenyewe hawakukusudia ipimwe vinginevyo. Boneti yake ndefu na paa linaloteremka taratibu hadi mkiani vimetoka kwa Datsun 240Z, Z ya kwanza, Datsun likiwa jina ambalo Nissan waliuzia magari yao wakati huo. Taa za mbele, zenye nusu duara mbili za mwanga, zinafuata 240ZG iliyouzwa Japani. Taa za nyuma ni za 300ZX ya miaka ya tisini. Na juu ya dashibodi vimerudishwa vipimo vitatu vya mviringo vinavyomwelekea dereva. Gari linalojitambulisha kwa ukoo wake namna hii humlazimisha mnunuzi kuuliza kama limerithi tabia au limerithi sura peke yake. Jibu langu ni kwamba tabia imerithiwa kwa kiasi kikubwa kuliko nilivyotarajia, lakini haimo katika kila toleo linalouzwa, na toleo la bei kubwa kuliko yote ndilo lililoipoteza zaidi.

Tabia yenyewe ilianza na hesabu ya fedha. Fairlady Z ilipotoka Japani mwishoni mwa mwaka 1969, na kisha kupelekwa Marekani kwa jina la 240Z, iliuzwa huko kwa dola 3,526, wakati magari ya Ulaya ya umbo na mwendo unaokaribiana nayo, kama vile Jaguar E-Type na Porsche 911, yalizidi bei hiyo kwa kiasi kikubwa. Yutaka Katayama, aliyeiongoza Nissan nchini Marekani, alikuwa amesisitiza kwamba soko lile lilihitaji gari zuri, lenye nguvu, ambalo mfanyakazi wa kawaida angeweza kulinunua na kulitumia kila siku bila kumtegemea fundi bingwa. Injini yake ya L24, yenye silinda sita zilizopangwa katika mstari mmoja na ujazo wa lita 2.4, haikuwa ya ajabu. Ilikuwa ndugu wa karibu wa L16 ya silinda nne iliyokuwa ndani ya Datsun 1600, ikiwa imeongezewa silinda mbili na kupewa kabureta mbili. Kila gurudumu lilikuwa na springi na shokomzoba zake zenyewe, jambo ambalo magari mengi ya bei ile hayakuwa nalo kwenye magurudumu ya nyuma. Gari zima lilikuwa na uzito wa kilo 1,050 hivi. Udhaifu wake mkubwa ulikuwa kutu, ambayo ilikula bodi nyingi kuliko ajali zilivyofanya.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hayo yote yana ushahidi wa karibu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda East African Safari Rally wakiwa ndani ya 240Z, na gari la pili kumaliza lilikuwa 240Z vilevile, la Shekhar Mehta na Mike Doughty. Mwaka 1973, mbio hizo zilipohesabiwa kwa mara ya kwanza katika mashindano ya ubingwa wa dunia, Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye familia yake ilikuwa imehamia Kenya baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka uliotangulia, alishinda akiwa na Lofty Drews, baada ya kulingana pointi za adhabu na Harry Källström aliyekuwa katika Datsun 1800 SSS. Gari la spoti la milango miwili, lenye pua ndefu na lililobuniwa kwa barabara za lami za California, lilistahimili matope, mawe na vumbi vya huku kwa sababu vyuma vyake vilikuwa rahisi na imara. Nissan hawajaisahau sifa hiyo: mwaka 2023 walipeleka Las Vegas, kwenye maonyesho ya magari ya SEMA, Z mpya iliyoinuliwa na kupakwa rangi nyekundu na nyeusi kwa heshima ya ile ya Safari.

Vizazi viwili vilivyofuata havihitaji maneno mengi. 280ZX ya mwaka 1978 ilinenepa na kuwa gari la starehe, na 300ZX ya kwanza, ya mwaka 1983, ilileta injini ya V6 bila kurudisha wepesi uliopotea. Kizazi cha nne ndicho kinachostahili kuangaliwa kwa makini. 300ZX ya mwaka 1989, inayofahamika kwa namba ya Z32, ilikuja na turbo mbili, ikawa na nguvu za farasi 300 Marekani na 280 nyumbani Japani, ambako watengenezaji walikuwa wamejiwekea mpaka wa hiari wa kutovuka namba hiyo. Magurudumu yake ya nyuma yaliweza kupinda kidogo kwa msaada wa haidroliki ili kulituliza gari kwenye kona. Kwa maoni yangu hilo ndilo Z lililosanifiwa kwa ustadi mkubwa kuliko yote, na ndilo pia lililoisaliti hesabu ya Katayama. Yen ilipopanda thamani, bei ya toleo la turbo huko Marekani ilivuka dola 40,000, wanunuzi wakapungua, na mwaka 1996 likaondolewa katika soko hilo. Fundi yeyote aliyewahi kufungua boneti yake anajua upande mwingine wa ustadi ule: mabomba na nyaya vimebanana kiasi kwamba kazi ya saa moja huwa ya siku nzima.

Kampuni ilipokuwa ikijinasua kutoka ukingoni mwa kufilisika, chini ya Carlos Ghosn, 350Z ya mwaka 2002 ilitumiwa kuutangazia ulimwengu kwamba Nissan bado ipo. Ilijengwa juu ya msingi uleule wa Skyline ya wakati huo, gari jingine la Nissan, ikapewa injini ya VQ35 ya lita 3.5 isiyo na turbo, na bei yake ikarudi mahali ambapo mtu wa mshahara angeweza kuiota. Ilikuwa na ukali wa kupendeza na mapungufu ya kuchekesha, kama ule mhimili mnene uliokatiza katikati ya buti na kufanya sanduku la kawaida likose pa kukaa. 370Z iliyofuata ilifupishwa, ikafikishwa farasi 332 kwa injini ya lita 3.7, na ikawa ya kwanza kuwa na mfumo unaopandisha mizunguko ya injini wenyewe wakati dereva anaposhusha gia kwa mkono. Kisha ikaachwa sokoni kwa zaidi ya miaka kumi bila mabadiliko ya maana, hadi wapenzi wake wakaanza kuizungumzia kama marehemu.

Huo ndio urithi uliokabidhiwa kwa kizazi cha saba, kilichozinduliwa New York mwezi Agosti 2021 baada ya Hiroshi Tamura, mtu mwenye mapenzi makubwa na magari haya, kuusimamia mradi wake. Mifupa yake imetokana na 370Z, na Nissan hawakujaribu kulificha jambo hilo. Kilichobadilika ni kifuani: injini ya VR30 ya V6, lita 3.0, yenye turbo mbili, inayotoa farasi 400 na nyutoni-mita 475, na nguvu hiyo ya kusukuma inapatikana yote kuanzia mizunguko 1,600 hadi 5,600 kwa dakika. Maana yake barabarani ni kwamba dereva hahitaji tena kuipandisha injini hadi ipige kelele, kama ilivyokuwa lazima kwenye 370Z, ndipo gari liamke. Katika gia ya tatu, kwa mwendo wa kawaida wa barabara kuu, kukanyaga mafuta kidogo tu kunatosha kulipita lori bila wasiwasi. Kinachokosekana ni sauti. Injini za VQ zilikuwa na mngurumo wa kukwaruza ambao baadhi ya watu waliuchukia na wengi waliupenda. VR30 huzungumza kwa adabu, na sehemu ya kile kinachosikika ndani hutoka kwenye spika.

Gia ndizo zinazoamua kama gari hili ni Z ya kweli au la. Nissan wanatoa gia sita za mkono au gia tisa za otomatiki, na mnunuzi wa toleo la kawaida au la Performance anachagua apendavyo. Otomatiki ni ya haraka, tena hula mafuta kidogo zaidi, lakini inaligeuza gari kuwa mojawapo ya magari mengi yenye kasi. Gia za mkono, zenye klachi nzito kiasi na mkono mfupi wa kubadilishia unaotaka kusukumwa kwa nia, ndizo zinazomrudisha dereva katika uhusiano ule wa zamani ambapo gari halifanyi jambo bila yeye. Ndiyo maana Nismo, lile toleo la bei kubwa kuliko yote, iliyotoka mwaka 2023, ilinisikitisha. Iliongezewa nguvu hadi farasi 420, ikapewa viti bora zaidi, breki kubwa na bodi iliyokazwa, yaani kila kitu ambacho dereva makini angekitaka, kisha ikauzwa kwa otomatiki pekee. Aliyekuwa tayari kulipa zaidi ili aendeshe zaidi akauziwa gari linalojiendeshea gia.

Kwenye kona umri wa mifupa hujitokeza. Z ya gia za mkono ina uzito wa takriban kilo 1,600, na kilo hizo zaidi ya 500 zilizoongezeka tangu 240Z haziwezi kufichwa na farasi peke yao. Pua huingia kwenye kona kwa utulivu badala ya kwa shauku, mkia hukaa chini na kusukuma, na usukani wa umeme ni sahihi lakini haumwelezi dereva mengi kuhusu hali ya lami chini ya tairi. Toleo la Performance, lenye difu inayogawa nguvu kwa magurudumu yote mawili ya nyuma, breki kubwa na rimu za inchi 19, ni la lazima kwa mtu anayekusudia kuendesha kwa bidii, kwa sababu toleo la kawaida huipoteza nguvu upande wa gurudumu lililopungukiwa uzito. Hata hivyo, baada ya safari ndefu nadhani Nissan walichagua vizuri. Hili ni gari la kusafiria mbali kwa raha na kwa mwendo, kama 240Z ilivyokuwa, na shokomzoba zake hazimwadhibu abiria.

Ndani kuna skrini ya inchi 12.3 mbele ya dereva, iliyopangwa vizuri, na chini yake kuna vitu ambavyo mmiliki wa 370Z atavitambua hata akiwa amefumba macho: vitasa vya milango, vifundo vya kurekebishia viti, na breki ya mkono ya kuvuta. Breki hiyo naipenda. Vile vitu vingine viwili havistahili kuwa katika gari la bei hii, na hapo ndipo ubahili wa mradi unapoonekana waziwazi. Viti ni viwili tu, na buti haina kina.

Mpinzani wake wa asili, Toyota GR Supra, hujibu swali lilelile kwa njia tofauti kabisa. Injini yake ni ya BMW, chesisi ilisanifiwa kwa ushirikiano na kampuni hiyo, na gari lenyewe liliunganishwa Graz, Austria. Supra ni nyepesi zaidi, hukata kona kwa ukali zaidi na imeundwa kwa vyuma vipya zaidi. Anayetafuta gari bora la kushindania muda kwenye uwanja wa mbio achukue Supra. Z imejengwa Tochigi kwa injini ya Nissan wenyewe, na ingawa hilo halipunguzi hata sekunde moja, kwa gari linalouzwa kwa misingi ya ukoo lina uzito wake.

Upatikanaji ni suala jingine. Ulaya halikupelekwa, kwa sababu ya kanuni za hewa chafu. Katika nchi za Ghuba linauzwa rasmi, lakini likiwa na usukani wa kushoto, kwa hiyo Mswahili wa Dubai anayefikiria kurudi nalo Mombasa aachane na wazo hilo mapema. Njia ya Kenya na Tanzania ni Fairlady Z ya Japani, yenye usukani wa kulia, ambayo bei yake ya kuanzia huko ilikuwa yen 5,241,500, na ambayo maombi yalizidi uwezo wa kiwanda hadi Nissan wakasimamisha kupokea oda. Kwa Kenya kuna jambo moja la faida: injini yake ina sentimita za ujazo 2,997, chini kidogo ya mstari wa 3,000 ambao ukivukwa ushuru wa bidhaa hupanda, ilhali 350Z na 370Z zote zilikuwa juu yake. Hasara ni kwamba VR30 bado ni ngeni kwa mafundi wetu, inahitaji petroli ya oktani ya juu, na kwa gia za mkono hutumia wastani wa lita 12 hivi kwa kilomita 100.

Kwa anayeweza kulipa, ninapendekeza toleo la Performance lenye gia za mkono, na Nismo ya otomatiki iachwe kwa wakusanyaji. Kwa asiyeweza, 350Z iliyotunzwa vizuri bado ni ununuzi wa akili, kwa sababu injini za jamii ya VQ35 zimo ndani ya Murano na Elgrand nyingi zilizopo barabarani, na fundi anayezijua hatafutwi kwa tochi. Huko Kenya itabidi itafutwe miongoni mwa zile zilizokwisha kuingia nchini, kwani sheria inayokataza kuingiza magari yenye umri unaozidi miaka minane imezifungia mlango nyingine, na mnunuzi aulize kwanza kuhusu unywaji wa oili ikiwa injini ni ya mwaka 2005 au 2006.