TAHADHARI: Tiketi za daraja la biashara za bei ya kutupa zinazouzwa WhatsApp, Unguja na Pemba

Asalaam alaykum. Kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu, leo kwa sura hii, kesho kwa sura ile: Zanzibar–London kwenda na kurudi, daraja la biashara, shilingi milioni mbili na kitu, launji (ukumbi wa kupumzikia uwanjani) na chakula ndani yake, nafasi nne zimebaki, mwisho leo Magharibi. Linaambatana na picha ya kiti kilicholazwa kikawa kitanda na meza ya vyakula vya launji. Wanaowindwa zaidi ni wanaokwenda umra, wanaompeleka mzazi India kutibiwa, na wenye jamaa Muscat au Uingereza. Milioni mbili msimu wa Disemba mara nyingi haitoshi hata kiti cha nyuma kabisa, seuze kitanda.

Lakini bei peke yake haikutoshi kumjua tapeli. Wajanja wao hupunguza kidogo tu kwenye nauli ya kweli, na bukingi wanayokupa ni ya kweli pia. Hapo ndipo wengi wanapoumia.

Bukingi na tiketi ni vitu viwili. Bukingi ni nafasi iliyoshikwa: ina jina lako, tarehe, namba ya ndege na zile herufi na tarakimu sita. Mifumo ya mawakala na ya baadhi ya mashirika humruhusu mtu kuishika bila kulipa hata senti, kwa saa kadhaa au siku mbili tatu. Tapeli anakutumia zile sita na kukwambia, "Ingia mwenyewe kwenye tovuti ya shirika ukahakikishe." Unaingia, unaliona jina lako, na pembeni pameandikwa kuwa nafasi imethibitishwa. Unalipa. Muda wa kulipia ukipita, mfumo unaifuta nafasi wenyewe, na muuzaji keshazima simu.

Kinachoonyesha kuwa shirika limelipwa ni namba ya tiketi, yenye tarakimu 13. Tatu za mwanzo ni za shirika lililoitoa: Qatar Airways 157, Ethiopian 071, Turkish 235, KLM 074, Kenya Airways 706, Oman Air 910. Ukiuziwa safari ya Qatar kwa tiketi inayoanza na 071, muulize kwa nini. Yapo mashirika yanayotoleana tiketi kihalali, ila muuzaji anayejua kazi yake atakueleza palepale bila ya kubabaika. Akikwambia namba itatoka ukishamaliza kulipa, nenda ukalipe kaunta ya ofisi yake, na usiondoke mpaka umeiona.

Namba ikitoka, usitulie bado. Wakala anaweza kuibatilisha tiketi siku ileile aliyoitoa na kurejeshewa pesa zote, na mashirika kadhaa humpa mnunuzi saa 24 za kughairi bila ya kukatwa. Tapeli anakata tiketi halali, anakuonyesha, anachukua pesa yako, kisha anaifuta usiku. Kwa hivyo iangalie siku ya kulipa, iangalie tena baada ya siku mbili, halafu wiki moja kabla ya safari. Anwani ya tovuti iandike mwenyewe. Usibonyeze kiungo alichokutumia, kwani vipo vinavyofungua ukurasa bandia unaokuonyesha anachotaka yeye uone. Khasa zaidi, hakikisha barua pepe na simu iliyomo kwenye bukingi ni yako. Taarifa ya kughairiwa huenda huko, na muuzaji anayeng'ang'ania kuweka yake ana sababu.

Wizi mwengine ni wa kiti. Tiketi ni ya kweli, lakini daraja la biashara limewekwa kwenye kipande kifupi tu. Kwa mfano Zanzibar–Addis Ababa, saa mbili na nusu hivi, umekaa mbele; Addis–London, zaidi ya saa saba za usiku, umerudishwa nyuma. Muuzaji hakusema uongo wote, alisema nusu. Tiketi huandika daraja kwa kila kipande. Kwa kawaida J, C na D ni za biashara na Y ni ya kawaida, lakini kila shirika lina herufi zake, basi soma jina la daraja lililo mbele ya kila ndege. Na kwa ndugu zetu wa Pemba: anayekuuzia "daraja la biashara kutoka Chake Chake moja kwa moja" anakucheka. Ndege ndogo kama Caravan zinazoruka kutoka Pemba hazina daraja la mbele wala la nyuma. Kipande hicho mara nyingi ni tiketi ya peke yake, na kikichelewa, shirika la ndege kubwa halina wajibu wa kukungojea.

Launji nazo zina mtego wake. Picha wanazotumia ni za Al Mourjan, launji ya Qatar kule Doha, au launji ya Turkish kule Istanbul ambako pide (mkate wa Kituruki) hutoka kwenye tanuri mbele yako, au ya Ethiopian pale Bole, uwanja wa Addis Ababa, yenye injera na kahawa ya kukaangwa. Ni za kweli. Ila si kila tiketi ya daraja la biashara inakufungulia mlango. Qatar ina nauli ya chini inayoitwa Lite, na Emirates ina Special. Zote zinakupa kiti cha mbele bila ya launji. Muuzaji anakukatia hiyo na kukutoza bei ya nauli kamili. Dai karatasi ya masharti ya nauli, na ndani yake utafute launji, kubadilisha tarehe, kurejeshewa pesa na mizigo.

Skrinishoti za kuingilia launji zinazouzwa dola kumi, kumi na tano, usizitie mkononi. Uanachama wa Priority Pass, kadi ya kuingilia launji nyingi duniani, una jina la mwenyewe, naye lazima awepo mlangoni na kadi ya kupandia ndege. Msimbo mmoja huuzwa watu kumi, na ukishasomwa, waliobaki wanabaki nje na njaa yao. Ukitaka kuingia kwa kulipia, zipo launji zinazouza nafasi mlangoni au kwenye tovuti zao.

Mbaya kuliko zote ni tiketi iliyokatwa kwa maili (pointi anazokusanya msafiri kwa shirika) za kuibwa au kadi ya benki ya mtu mwengine. Inapita kila ukaguzi nilioutaja. Mwenye kadi akilalamika, shirika linaifuta, pengine ukiwa ushafika London na kilichobaki ni kurudi. Dalili ni mbili: sehemu ya nauli imefichwa au inaonyesha kodi tu, na muuzaji anakuonya usipige simu kwa shirika. Piga. Uliza tiketi imelipwa kwa njia gani, na kama utatakiwa kuonyesha kadi ya malipo uwanjani, maana baadhi ya mashirika hufanya hivyo.

Wa "nina mtu wangu kaunta, laki tatu anakupandisha mbele" hahitaji maneno mengi. Kupandishwa daraja kwa malipo hulipwa kwa shirika lenyewe, nawe hupewa hati yenye tarakimu 13, zikianza na tatu zilezile za shirika. Hakuna hati, hakuna kiti.

Kwa wakala halali, uliza namba yake ya IATA, jumuiya ya mashirika ya ndege duniani (tarakimu 8), leseni ya Kamisheni ya Utalii na risiti ya ZRA, mamlaka ya mapato Zanzibar. Unapolipa kwa simu, jina la mpokeaji linatokea kabla hujatia namba ya siri. Likiwa la mtu binafsi badala ya kampuni, simama hapohapo, hata akikwambia ni la mhasibu wao.

Aliyekwishalipa asimtishe tapeli kwanza, maana atawahi kutoa pesa. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wa simu dakika ileile, uwape namba ya muamala, uombe pesa izuiwe. Kama ulilipa kwa kadi, iambie benki yako unapinga malipo. Namba ya tapeli iripoti TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, kupitia 15040, kisha nenda polisi na mazungumzo yote bila ya kufuta hata ujumbe mmoja. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafika mpaka huku Visiwani. Baada ya siku chache huenda akakupigia mtu wa "kitengo cha kurejesha pesa" akitaka ada ndogo ya kufungulia faili. Huyo ni yuleyule, au mwenzake aliyeuziwa namba yako.