Nyota 3 kati ya 5: Steshenari ya Ngamiani, Tanga, na swali la undugu kwenye fomu ya rubani

Wiki mbili zilizopita nilimsindikiza mpwa wangu wa kike katika steshenari moja ya Ngamiani, jijini Tanga, ambayo imebandika mlangoni tangazo kwamba inaandaa maombi ya kazi ya aina zote, kuanzia kupanga wasifu na kujaza fomu hadi kuskani vyeti na kuvituma kwa barua pepe. Mpwa wangu ana leseni ya rubani wa biashara, yaani ya kurusha ndege kwa malipo, na alikuwa anaomba nafasi ya rubani msaidizi katika kampuni ya ndege. Duka silitaji jina, kwa sababu kasoro nitakayoieleza nadhani utaikuta katika maduka mengi ya namna hiyo, na kampuni ya ndege nayo naiacha bila jina.

Kwa kazi ya mikono sina lawama. Vyeti viliskaniwa vikasomeka hadi mhuri, vikapangwa kwa utaratibu ambao mwajiri angeutaka: leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga kwanza, cheti cha afya cha daraja la kwanza kikafuata, kisha cheti cha ufasaha wa Kiingereza na vyeti vya shule. Gharama ilikuwa shilingi 15,000 kwa kazi yote, na risiti tulipewa bila kuiomba. Feni ilikuwa haifanyi kazi, lakini hilo kwa Tanga ya mwezi huu ni la kuvumilia.

Dosari ya kwanza ilijitokeza kwenye ukurasa wa saa za kuruka. Mpwa wangu alikuwa na saa 211.4 katika kitabu chake cha kumbukumbu za safari, kila safari ikiwa na tarehe, namba ya ndege na, zile za mafunzo, saini ya mwalimu. Kijana aliyekuwa kwenye kompyuta akaandika 215. Binti alipomwonyesha, alijibu kwa upole kabisa kwamba ameziweka hivyo "ili zikae vizuri." Ni kweli kwamba leseni ya rubani wa biashara kwa kawaida inahitaji saa 200, na leseni ya juu kabisa, ile ya rubani wa mashirika ya ndege, inahitaji 1,500, kwa hiyo saa nne hazimpandishi mtu daraja wala kumshusha. Lakini kitabu kile ni ushahidi, na mwajiri akikifungua na kukuta tofauti hatauliza ni nani aliyekuwa anapiga chapa. Namba ilirekebishwa palepale, nasi tukaendelea.

Ukurasa wa nne wa fomu ndio uliotukalisha pale hadi adhuhuri. Swali lilikuwa hivi: je, mwombaji ana ndugu wa damu au wa ndoa anayefanya kazi katika kampuni hii, na kama yupo, ataje jina, uhusiano na idara. Kijana akapeleka kishale kwenye HAPANA kabla hatujasema neno.

"Mzee, hapa huwa tunaweka hapana kwa kila mtu," akaniambia. "Ukiweka ndiyo unakatwa mlangoni. Wameshachoka na undugunaizesheni."

"Lakini ninaye," mpwa wangu akasema. "Baba mdogo yuko pale."

Huyo baba mdogo ni mtoto wa baba mkubwa wa baba yake. Kwa hesabu ya fomu nyingi za kampuni, zinazoishia kwa mume au mke, mzazi, mtoto na ndugu wa tumbo moja, huyo si ndugu hata kidogo. Kwa hesabu yetu ni baba, na tena ndiye aliyechangia sehemu kubwa ya ada ya mafunzo ya urubani, ambayo inakwenda makumi ya mamilioni ya shilingi. Sisi watu wa pwani tuna hadi ndugu wa kunyonya ziwa moja, ambao kwa sheria ya dini hawawezi kuoana, lakini sijawahi kuona fomu ya ajira yenye nafasi yao. Fomu ilitupa mistari miwili tu ya kueleza uhusiano, na ningependa kumwona aliyeitunga akiijaza kwa niaba ya ukoo wowote wa Kidigo.

Nilimweleza kijana kwamba swali lile si mtego wa kuwanasa wenye jamaa. Baba mdogo huyo ni nahodha mkufunzi, yaani ni miongoni mwa watu wanaokaa pembeni ya rubani mpya na kuamua kama amefuzu au arudi kufanya mazoezi. Kampuni isipojua, inaweza kumpangia amtahini binti aliyemlipia ada. Ikijua, inamweka kando: hakai kwenye usaili, hasimamii jaribio la simuleta, ile mashine ya kuigiza urushaji wa ndege, hapangi zamu za binti, naye binti anashindana kwa saa na alama zake kama wengine. Katika kampuni ndogo zinazorusha Cessna Caravan kutoka hapa Tanga kwenda Pemba, ambako rubani mara nyingi huwa peke yake mbele na marubani wote wa kampuni hujuana, kumkataza kila mwenye ndugu kungewaacha na watu wachache mno wa kuajiri.

Hata huko nje kanuni si moja. Sheria ya Marekani ya mwaka 1967 inamzuia ofisa wa umma kumwajiri ndugu yake, lakini haiyagusi mashirika binafsi ya ndege, kwa hiyo kila shirika hujiwekea utaratibu wake. Southwest, kwa mfano, limejulikana kwa miaka mingi kwa kuajiri mume na mke bila tatizo. Hapa kwetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa misingi kadhaa, na hali ya ndoa ni mmojawapo, kwa hiyo kampuni inayowafungia mlango wenzi wote wa ndoa wa wafanyakazi ingekuwa na maswali ya kujibu.

Kuficha jambo kwenye fomu ya rubani kuna historia mbaya. Ndege ya Colgan Air ilipoanguka karibu na Buffalo, Marekani, Februari 12, 2009, na kuua watu 50, uchunguzi ulibaini kwamba nahodha wake, alipokuwa anaomba kazi, hakutaja baadhi ya majaribio ya urubani aliyowahi kufeli. Chanzo cha ajali kilikuwa namna alivyoitikia onyo kwamba ndege inakaribia kupoteza nguvu ya hewa inayoibeba, si fomu. Hata hivyo, mwaka uliofuata bunge lao lilipitisha sheria iliyoagiza kumbukumbu za marubani ziwekwe mahali ambapo mwajiri anaweza kuzisoma mwenyewe, bila kutegemea kile mwombaji alichochagua kusema.

Kwa bahati mwenye duka alikuwepo, mama wa makamo aliyekuwa anahesabu karatasi nyuma ya kaunta. Alisikiliza, akamsalimu mpwa wangu kwa kumwita rubani, kisha akamwambia kijana aweke NDIYO na aandike maelezo yote ya uhusiano kwenye karatasi ya nyongeza, akitaja hadi suala la ada. Alikiri kwamba hiyo HAPANA ya jumla ni mazoea ya duka, na kwamba wateja wenyewe ndio huiomba. Nyota moja nimeikata kwa mazoea hayo, na nyingine kwa zile saa nne za kubuni.

Anayekwenda pale kwa maombi ya kawaida atahudumiwa haraka na kwa bei nzuri. Mwenye fomu ya kazi ya usalama, iwe ya ndege, meli au treni, akae karibu na kioo cha kompyuta na asome kila ukurasa kabla haujatumwa. Maombi yetu yaliondoka Alhamisi saa nane mchana. Karatasi ya nyongeza tulitozwa shilingi 500.