Tanga kuukuu au ndara za ufukweni?

Kazi yangu ya sanaa mwaka huu inajaza ua mzima wa nyumba ya mawe hapa Lamu, mtazamaji apite ndani yake badala ya kuitazama ukutani. Nimejaribu vifaa viwili.

Tanga la pamba lililochoka baharini nililitundika kwenye boriti za mkoko. Upepo wa kusi ukiingia, linavimba na kupumua. Jua likipenya, viraka na mishono ya fundi husomeka kama maandishi. Rangi ya maji huzama kwenye pamba na kutambaa itakako, na hapo ndipo nilipojifunza mengi kuliko darasani. Ila mvua za masika zilileta kuvu, nikapoteza kipande kizuri kabisa.

Ndara zilizookotwa ufukweni Shela, hapa kisiwani, haziozi, na rangi zao hazihitaji brashi. Flipflopi, jahazi la plastiki iliyookotwa lililoundwa hapa Lamu na kushushwa majini 2018, limefunikwa kwa ndara hizohizo. Lakini ndara haziitikii upepo, zinaning'inia tu.

Kwa ua ulio wazi nachagua tanga, hata likiniozea. Ndara nimezitandaza mlangoni, watu wazikanyage wakiingia.