Hoteli ya Sanyuanli iliyonikataa nikiwa nimeshalipa (mnaokwenda Guangzhou someni)

Jamani, mnaojiandaa kwenda Guangzhou, China, kufuata mzigo, msilipie hoteli mtandaoni kabla hamjapata jibu la maandishi kwamba wanapokea mgeni mwenye pasi ya kusafiria ya nje. Picha za vyumba zisiwashughulishe, hata bei isiwashughulishe. Ulizeni hilo kwanza.

Mimi nilikuwa nimeshalipa. Nilichagua mtaa wa Sanyuanli kwa sababu masoko ya mikoba ya ngozi yako palepale, unatoka asubuhi unatembea kwa miguu. Ilikuwa msimu wa maonyesho makubwa ya biashara ya Canton, yale yanayoanza Aprili, vyumba vimepanda bei jiji zima na mvua haikatiki. Nimefika usiku, nguo zimelowa. Nikamwekea dada wa mapokezi pasi yangu na karatasi ya malipo juu ya kaunta. Pasi hakuifungua. Alitazama jalada tu, akaweka kidole kimoja juu yake, akaisukuma taratibu mpaka ikanigusa mkono. Kisha akaendelea na simu yake.

Nikairudisha mbele yake. Akaisukuma tena, kidole kilekile, safari hii bila hata kuniangalia. Nimekaa dukani Kariakoo miaka mingi, nimehudumia wateja wakali, walevi, wasio na hela, na hakuna hata mmoja niliyemrudishia kitu chake kwa namna ile. Hata "pole" hakuna. Nilipowasha programu ya kutafsiri na kumwonyesha kwamba nimelipa, akaandika sentensi moja: wageni hapana.

Sasa mjue hali ilivyo. China kila mgeni anayelala mahali lazima aandikishwe polisi. Ukilala hotelini, hoteli ndiyo inayokuandikisha. Ukilala kwa ndugu au nyumba ya kupanga, unakwenda mwenyewe kituo cha polisi ndani ya saa 24, na usilipuuze hilo. Raia wao ana kitambulisho kinachosomwa na mashine. Pasi yetu inabidi mtu akae aingize taarifa kwa mkono: jina, namba, viza, tarehe ya kuingia. Mfanyakazi asiyefundishwa, au mvivu, anaona rahisi kusema hoteli haina kibali cha kupokea wageni wa nje. Mwaka 2024 serikali yao yenyewe ilitamka kwamba hoteli isimkatae mgeni wa nje kwa kisingizio hicho. Kwa hiyo yule dada hakuwa anafuata sheria yoyote. Alikuwa hataki.

Na msiniambie nina hasira za bure. Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika walitolewa kwenye hoteli na nyumba walizopanga katika Guangzhou hiihii, wengine wakalala barabarani, mpaka mabalozi wa nchi za Afrika wakaandika barua ya malalamiko. Mtu mweusi akirudishiwa pasi usiku kwenye jiji lile, hayo ndiyo yanayomjia kichwani. Palepale kwenye kaunta nilishaamua kwamba mji huu siukanyagi tena, bora nichukue mzigo Uturuki.

Aliyenibadilisha ni dereva wa teksi. Mzee yule alikuwa hajaondoka, ameingia na begi langu la pili. Akaona pasi iko kaunta na mimi nimesimama. Sijui alimwambia nini yule dada, maana Kichina changu ni cha kuuliza bei tu, lakini sauti yake ilijaa ukumbi mzima na dada akaweka simu chini kwa mara ya kwanza. Haikusaidia kitu. Mzee akabeba mabegi yote mawili kuyarudisha garini, akapiga simu moja, ya pili, ya tatu, akanipeleka mtaa mwingine unaoitwa Xiaobei, na mita hakuiwasha. Nilipomlazimisha kupokea pesa akafunga dirisha akaondoka. Kule hawana desturi ya bakshishi, lakini nauli ilikuwa haki yake. Mungu amlinde mzee yule.

Hoteli ya Xiaobei ilikuwa ya kawaida kabisa, zulia limechakaa. Kijana wa mapokezi akafungua pasi kwenye ukurasa wa viza, akaingiza taarifa, akanipa ufunguo. Dakika chache! Badala ya kupoa, ndipo nikachemka upya, kwa sababu niliona kwa macho yangu kazi yenyewe ni ndogo kiasi gani.

Kwa hiyo siwezi kusema msiende. Xiaobei mtapata chakula cha halali na mtasikia Kiswahili barabarani. Kutoka uwanja wa ndege wa Baiyun, kama hamjachelewa usiku, chukueni metro: laini ya 3 mpaka Jiahewanggang, laini ya 2 mpaka stesheni ya reli ya Guangzhou, halafu laini ya 5 mpaka Xiaobei, kituo kimoja tu. Kadi ya benki iunganisheni na Alipay, programu ya kulipia kwa simu kule China, mkiwa bado nyumbani, maana benki huweza kutuma namba ya uthibitisho kwenye laini yenu ya simu ya huku. Malipo yasiyozidi yuani 200 hayakatwi ada; yakizidi hapo wanakata asilimia 3. WhatsApp na Google zimefungwa kwenye intaneti ya kule, ila laini ya simu ya nyumbani ikiwa imewezeshwa kutumika nje kwa kawaida inapita. Anwani ya hoteli ichapisheni kwa Kichina. Na ukienda kwa mara ya kwanza, dada yangu, usilale Sanyuanli. Lala Xiaobei, sokoni utafika kwa metro.

Hiyo hoteli ya Sanyuanli nilikuwa nimeipa nyota mbili, moja ya ziada kwa sababu iko karibu na soko, na nilisema labda yule dada alikuwa na siku mbaya. Lakini wakati naandika haya nimepata jibu la malalamiko yangu kutoka kwa waliouza chumba. Wanasema pesa hairudishwi kwa sababu, kwa maelezo ya hoteli, mteja hakufika. Hakufika! Nimewatumia picha niliyopiga palepale kaunta, pasi iko juu yake na saa ya ukutani inaonekana nyuma. Hawajajibu. Ile nyota ya ziada naiondoa, na kama mfumo ungekubali ningeondoa na hiyo moja iliyobaki.