HTML tupu au React kwa tovuti ya wauza dagaa

Ninapotengeneza tovuti ya wauza dagaa wa Kibirizi, hapa Kigoma, njia mbili hunijia. Ya kwanza ni kurasa za HTML na CSS, lugha ambazo kivinjari huzisoma moja kwa moja, hata maandishi huanza kuonekana kabla ukurasa wote haujafika, jambo lenye uzito kwa mnunuzi anayepima kila megabaiti ya bando lake. Ya pili ni React, maktaba ya kujengea kurasa kwa JavaScript, lugha ya programu ya kivinjari, iliyotolewa na Facebook mwaka 2013, ambayo kwa kawaida, isiposaidiwa na seva, humlazimu mteja kupakua na kuendesha JavaScript kwanza ndipo aione bei. React hufaa pale skrini inapobadilika kila mara, kama mfumo wa kupokea oda; hilo nalikubali bila kinyongo. Kwa orodha ya bei, nachagua HTML.

Kwa upande wa jamii ya watengenezaji, React ina watu wengi wa kuulizwa na vipande vingi vya msimbo vilivyokwisha kuandikwa. Hata hivyo, kijana wa Ujiji ninayemfundisha alianza na HTML na mapema akarekebisha bei mwenyewe, ilhali mradi wa React ulimdai kwanza ajifunze zana za kuujenga.