Kuuzunguka Mont Blanc kwa miguu: uzoefu wangu

Niseme mapema: Tour du Mont Blanc haikufikishi kileleni. Inauzunguka mlima, kilomita 170 hivi, ikikatiza Ufaransa, Italia na Uswisi. Umbali si tatizo. Shughuli ni kupanda na kushuka: ukijumlisha miinuko yote unapata mita kama 10,000, na zote unazishuka pia. Mimi pumzi haikunisumbua sana, magoti ndiyo yaliyonishtaki, hasa kwenye mteremko wa vumbi wa kuingia Courmayeur, mji wa upande wa Italia. Fimbo mbili za kutembelea ni lazima, hata kama unajiona kijana.

Kwa mandhari, Italia imewazidi wenzake. Ukivuka mpaka kutoka Ufaransa pale Col de la Seigne, kipito cha mlimani chenye kimo cha mita 2,516, bonde zima linafunguka mbele yako, na ukuta wa miamba na barafu unabaki kushoto kwako hadi siku inayofuata.

Malazi ndiyo yaliyonipa raha na karaha. Nyumba za wapanda milima zinakupa chakula cha jioni, kitanda na kifungua kinywa kwa malipo ya pamoja. Viatu unaviacha mlangoni, unavaa ndala za wenyeji. Mnalala wengi kwenye dabodeka, na kabla hakujapambazuka utasikia mtu anapekua mifuko ya plastiki kana kwamba yuko peke yake duniani. Beba vizibo vya masikio na shuka lako. Nyumba moja, sitaitaja, maji ya moto yalikuwa ya kununua kwa kidude cha chuma mfano wa sarafu. Yalikatika nikiwa na povu kichwani. Hata hivyo supu yao ilinifanya nisamehe.

Julai na Agosti vitanda huisha miezi mingi kabla, kwa hiyo usiende kwa kubahatisha. Juni bado kuna theluji kwenye vipito vya juu. Anza kutembea alfajiri, maana radi hupenda mchana.

Karibu na kijiji cha Argentière, upande wa Ufaransa, kuna ngazi za chuma zilizopigiliwa kwenye mwamba. Anayeogopa urefu apitie Col des Montets, hatakosa kitu kikubwa. Wengi huzunguka kinyume cha mishale ya saa, na mwelekeo huo ngazi unazipanda. Ukigeuza, unazishuka na begi mgongoni. Mimi hapo ningepita njia nyingine.